Damu Niliyompa Zuhura

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka hospitali leo akiwa ameambiwa dirishani kwamba damu yake haifai, na sasa amekaa nyumbani anatafuta uongo wa kuwaambia wenzake. Nilipita hapo. Uongo wangu ulikuwa mzuri, kila mtu aliuamini, na nusura uvunje nyumba ya mtoto niliyempenda kama wa kwangu. Ugonjwa wenyewe umeshanitoka. Sasa naweza kuusimulia.

Naitwa Bakari, Baba Salma, wa Mnyambe, Newala. Nina mikorosho yangu, na kwa miaka mingi nimepulizia mikorosho ya watu wengine, mashine mgongoni. Shule niliishia darasa la saba. Msinitegemee kwa maneno ya kidaktari. Niliyoyashika ni yale yaliyonigusa mwilini.

Kwanza niseme jambo la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anamlea, anamlisha, lakini likitokea jambo zito anaitwa mjomba. Posa ni mjomba, kesi ni mjomba, mazishi ni mjomba. Hospitali walipoanza kutuambia tulete ndugu wa kutoa damu, hakuna aliyejiuliza ndugu yupi. Mimi nina dada mmoja tu, Hadija, na yeye ana mtoto mmoja, Zuhura. Kwa hiyo siku Zuhura atakapohitaji damu ilijulikana itatoka kwa nani.

Alihitaji akiwa na miaka minne. Ulikuwa mwaka ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kuja na magari yao kununua korosho, chama cha ushirika kikabaki kinawatazama, na sisi tukadhani tumeshatajirika. Malaria ilimkausha Zuhura mpaka viganja na ulimi vikawa vyeupe. Daktari akasema ni damu, tena sasa hivi. Baba yake alikuwepo pale kwenye benchi na hakuna aliyemtazama. Nikakunja shati. Walipima kundi, wakapima ule ugonjwa mkubwa wa miaka ile, wakasema niko salama. Kirusi cha ini hawakukitafuta. Kipimo chake kilikuwa hakijafika kwetu, na hata jina lake hatukuwa tumelisikia. Damu ikatoka kwangu ikaingia kwake ingali na joto, na jioni mtoto akaomba uji.

Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilizunguka kijijini wiki nzima na pamba mkononi, na kidonda chenyewe kilikuwa kimeshafunga siku ya pili.

Zuhura alikua akijua habari hiyo, maana mama yake alimsimulia kila tulipokutana. Hata Salma wangu aliona wivu. Zuhura alipotakiwa na Hamisi, muuza mitumba wa soko la Newala ambaye kwao ni Mkomaindo, Masasi, posa nilipokea mimi. Nilimhoji yule kijana mpaka jasho likamtoka. Baada ya ndoa akahamia Mnyambe, kwenye nyumba ya mkewe, kama ilivyo kawaida yetu. Mtu mpole, mkimya, anakunja nguo vizuri kuliko wanawake.

Mimba ya kwanza ya Zuhura ilifika miezi tisa katikati ya msimu wa salfa.

Asiyeijua salfa, ni unga wa njano tunaoupulizia mikorosho kuanzia mwezi wa sita ili ubwiri unga, ule ukungu mweupe, usile maua. Unapuliza alfajiri umande ungali kwenye majani, na unga unakurudia. Unaingia machoni, puani, mpaka mate yanakuwa na ladha yake. Dawa yake, tunavyoamini wapuliziaji wote, ni maziwa. Huku kwetu ng'ombe ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tunakunywa ya kopo. Ukimaliza shamba unakunywa kopo zima, salfa inatoka.

Na mimi nilikuwa mgonjwa kwa misimu miwili tayari. Viganja na nyayo vilikuwa vinawasha mpaka najikuna kwa gunzi la mahindi. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Nikibeba mashine saa moja nakaa chini ya mkorosho saa mbili. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilinifukuza jikoni. Nilimwonyesha kila mtu viganja vyangu na kila mtu alisema ni salfa. Mke wangu, Mama Salma, aliongeza maziwa. Mzee mmoja akasema ni uraka wa mabibo ninaokunywa kwa kujificha, na mimi pombe sijawahi kuionja. Nilimjibu vibaya.

Basi Zuhura akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, ikabidi apasuliwe. Tukaambiwa tulete mtu wa damu. Mimi huyo, kifua mbele, nimetoka shambani hata nyusi zangu za njano. Wakanitoboa kidole, nikakaa kusubiri. Nadhani nilikuwa naimba kimoyomoyo.

Muuguzi aliniita dirishani na kuongea kwa sauti ya chini. Alisema, "Baba, damu yako haifai kumpa mtu. Njoo Alhamisi upate ushauri nasaha."

Kwa wasiokuwepo miaka ile, nieleze. Maneno "ushauri nasaha" yalikuwa na maana moja tu, ule ugonjwa mkubwa. Mtu aliyeonekana akitoka kwenye chumba kile, kijiji kilikuwa kimeshamchimbia kaburi. Nilinywea pale dirishani. Sikuuliza ni nini, sikuuliza kwa nini. Nilitembea zile hatua kama ishirini kurudi kwenye benchi, ndugu zangu wote wananitazama, na nilipofika jibu lilikuwa limeshajileta mdomoni lenyewe. Nikawaambia imekataliwa, ina salfa.

Hakuna aliyeshangaa. Dada yangu alisema alijua tu, alishaniambia nipumzike. Walinihurumia.

Hamisi ndiye aliyesimama. Akaomba apimwe yeye. Mkwe kutoa damu wakati mjomba yupo ni jambo ambalo hatukuwa na jina lake. Damu yake ikapokelewa. Zuhura akapona, mtoto akawa wa kike, wakamwita Mwanahawa. Nilimshukuru Hamisi mbele ya watu, na moyoni nilimwonea wivu. Nasema kama ilivyokuwa.

Alhamisi sikwenda.

Niliacha kupulizia. Niliikodisha mashine na kuanza kujitibu. Nilikunywa maziwa asubuhi na jioni, korosho zikadondoka, zikaokotwa, zikauzwa, nami nakunywa tu. Nilipanga kwamba kifuku kikiingia, mvua zikinyesha, nikiwa nimekaa miezi yote hiyo bila kugusa unga ule, nitarudi hospitali na damu safi na kumwonyesha yule muuguzi. Niliamini kweli. Ukitaka sana kuamini kitu, hata mtu mzima mwenye wajukuu anaweza.

Mwezi wa pili nikaenda peke yangu. Barabara ilikuwa tope, nilifika na suruali imeloa mpaka magotini, na kiunoni nilikuwa nimeifunga kwa kamba maana mkanda ulikuwa umeishiwa matundu. Nilisema nimekuja kujitolea damu. Wakafurahi. Wakanipima, nikasubiri kwenye benchi lile lile, na safari hii sikuimba.

Aliyekuja kuniita alikuwa muuguzi mtu mzima, wenzake wakimwita Mama Neema. Akafunga mlango, akanisikiliza habari za salfa na maziwa mpaka mwisho, hakucheka.

"Baba Salma, salfa haikai kwenye damu," alisema. "Hiki ni kirusi cha ini. Homa ya ini, aina ya C."

Nikamuuliza kama ni ule mwingine. Akasema hapana, ule sina. Nilipata furaha ya kijinga, karibu nimshike mkono. Akanieleza kwamba huu nao una ubaya wake, unakaa miaka mingi ukilila ini polepole, na unapita kwa damu. Akataja sindano za zamani zilizochemshwa haraka haraka, nyembe za kuumikwa na za chale, visu vya jando, damu ya kuongezewa. Vyote nilikuwa nimepitia isipokuwa hiyo ya mwisho. Ni ipi iliyonipa, alisema nisijisumbue kutafuta, sitaijua.

Nilimuuliza kama niko peke yangu. Nilitaka sana kujua hilo, na najua na wewe unayesoma unataka kulijua. Alisema kila wanapokusanya damu haikosi ya kuwekwa pembeni, kwa ugonjwa huu au ule. Wenye C si wengi kama wale wa aina ya B, lakini wapo, na karibu wote ni watu wazima kama mimi, waliokuja kwa miguu yao na nguvu zao kumsaidia mtu. Asiyetoa damu hajui. Anayetoa ndiye anayekutwa.

Kisha akachukua kalamu na kuniuliza, "Umewahi kumpa mtu damu huko nyuma?"

Nikasema sijawahi.

Ule uongo wa kwanza ulinitoka kwa hofu. Huu nilikuwa na muda wa kuufikiria, na niliufikiria, nikamtazama machoni nikausema. Niliona kiganja cha Zuhura akiwa na miaka minne, na nikaona watu wote waliosimuliwa habari ile wakinigeukia. Mama Neema akaandika alichoandika.

Nyumbani nikaendelea na salfa yangu. Nilipanga kumwambia Zuhura baada ya Maulidi. Maulidi yakapita, nikasema acha mtoto aote meno. Kila nilipokwenda kwake alinikaribisha, "Shikamoo Mjomba," ananiwekea kiti, ananipa Mwanahawa nimbebe, nami naitikia marahaba. Nilimtazama macho yake kama yana njano. Nilimuuliza kama anachoka. Alisema mama wa mtoto mchanga gani hachoki.

Halafu dada yangu Hadija akaambiwa ana uvimbe kwenye kizazi, unatakiwa kutolewa. Damu tena. Watu wakanitazama, nikasema nina homa, nikajifunika blanketi. Baada ya mjomba anafuata nani? Mtoto mwenyewe wa mgonjwa. Zuhura akasema ataenda yeye.

Hapa ndipo penye kosa langu kubwa, na nataka lisomwe vizuri. Nilikuwa na nafasi ya kumzuia. Nilibaki chini ya blanketi nikafanya hesabu yangu. Nilijiambia watampima kwanza, kwa hiyo hawezi kumdhuru mama yake. Na wakimkuta salama, nitakuwa nimeepukana na deni hili bila kufungua mdomo. Nilimtuma mtoto wa dada yangu akapimwe kwa ajili yangu, bila yeye kujua anapimwa nini.

Alirudi jioni. Aliyetoa damu alikuwa binamu yetu mmoja. Zuhura alisema yeye wamemwambia damu yake ni kidogo, ale mchicha. Alisema bila kupepesa macho. Nikamwamini. Nilifurahi hata nikamchinjia kuku, nikamwambia ale maini, yanaongeza damu. Akala akiwa ameinama.

Wiki zilizofuata nyumba yake ikaanza kuharibika. Majirani walisikia kelele, na wao hawakuwa watu wa kelele. Ikasemekana amemfukuza Hamisi kitandani. Kisha Hamisi akafunga robota lake la mitumba akarudi kwa mama yake Mkomaindo. Zuhura akakonda, akaacha kusuka nywele. Ukimuuliza anasema ni mambo ya ndoa, Mjomba.

Na mambo ya ndoa, kwetu, anakaa nayo nani? Nikaitisha kikao.

Tulikaa barazani kwangu baada ya sala ya adhuhuri. Hamisi alikuja na mjomba wake kutoka Mkomaindo, mzee mmoja mwenye kikohozi. Hadija alikuwepo, bado anatembea kwa kujishika tumbo. Zuhura alikaa mkekani, mtoto mapajani. Mimi nilikaa kwenye kiti, kwa kuwa mimi ndiye mwamuzi. Nilimsomea Hamisi risala ndefu. Nikamkumbusha siku ya posa, nikamwambia mwanamume hatoki nyumbani akaacha mtoto mchanga. Nilisema vizuri, wazee waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Hamisi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba ruhusa.

"Mjomba, mimi sikuondoka kwa kiburi," alisema. "Mwenzangu alikataliwa damu yake hospitali. Akarudi akaniambia nimemletea ugonjwa kutoka safari zangu za Dar. Nikaenda kupima, sina. Sasa kama mimi sina, yeye kautoa wapi? Nimemuuliza hilo tu. Hajanijibu mpaka leo."

Hadija akashika mdomo. Zuhura hakuinua uso. Akasema polepole kwamba yeye hajawahi kutembea na mtu mwingine, na kama hawamwamini basi. Aliambiwa arudi Alhamisi kwa ushauri, hakurudi. Alikuwa amekaa na neno lile karibu miezi miwili, akijua anakufa, na akidhani mumewe ndiye aliyemuua.

Mjomba wa Hamisi akakohoa, akanigeukia. Wote walinigeukia. Walikuwa wanasubiri hukumu yangu.

Nilijua nikiahirisha kikao watakubali, nitasema tuendelee Ijumaa, na Ijumaa nitapata uongo mwingine, maana nilishakuwa fundi. Nilishuka kwenye kiti nikakaa chini.

"Damu hiyo ni yangu," nilisema. "Nilimpa mimi akiwa mdogo. Ugonjwa ni wa ini, si ule mnaoudhani. Mimi ninao, na kama anao kautoa kwangu."

Hamisi akauliza, "Umejua tangu lini, Mjomba?"

"Tangu kifuku."

Alihesabu, nilimwona anavyohesabu. Zuhura akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka bila kuaga. Mtu hatoki hivyo mbele ya wazee, na hakuna aliyemkemea.

Kuanzia siku ile watu walinisalimia kwa mbali. Dada yangu alikaa mpaka korosho zinaanza kudondoka bila kutia mguu kwangu. Hamisi naye alirudi wakati huo huo wa korosho. Alikuja kwanza kunisalimia mimi, akakataa kukaa. Aliuliza, kama angekuwa yeye ndiye aliyefanya nilichofanya, ningemfanyaje. Nikamwambia ningemfukuza Mnyambe. Akasema, "Haya," akaenda kwa mkewe. Tangu hapo tumekuwa na heshima ya kweli kati yetu, ambayo zamani haikuwepo.

Hospitali tulikwenda pamoja, mimi na Zuhura, baada ya mimi kumfuata mara tatu. Kwenye benchi alikaa akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Mama Neema alipomwona akaelewa. Hakunisema. Alichukua lile faili langu akafuta mstari mmoja na kuandika upya, na aibu niliyoipata pale ilizidi ya kikaoni. Zuhura akakutwa nacho kirusi, kwa kipimo cha kwanza na cha pili kilichotumwa mbali. Ini lake lilikuwa bado zuri. La kwangu lilikuwa limeshaanza makovu.

Dawa? Wakati ule kulikuwa na sindano za karibu mwaka mzima, huko Dar es Salaam, na mtu wa mikorosho kumi na saba hakuzifikia hata kwa ndoto. Tuliambiwa tusubiri, tusinywe pombe, tusinywe mitishamba ya kila anayepita, turudi kila baada ya miezi sita. Tukawa watu wa benchi. Msimu wa salfa tunakwenda, kifuku kikianza tunakwenda. Kwenye kliniki ya hospitali kubwa tulikutana na mwalimu mmoja, dereva wa lori na mama muuza vitumbua. Tulipoulizana tumejuaje, wote tulikuwa tumeingia kwa mlango mmoja, siku tulipokwenda kumtolea mtu damu. Mama wa vitumbua alisema ameumwa kwa sababu ya wema wake. Dereva akamwambia hapana, wema wake ndio uliomfichulia. Wakabishana mpaka wakaitwa.

Miaka ya kusubiri mimi ilinipiga. Tumbo lilijaa maji, nikawa natembea kama mjamzito, na watoto wa jirani waliniuliza najifungua lini. Nilicheka nao, kucheka hakuumizi. Walinitoa maji kwa sindano mara nne. Miguu ilivimba mpaka nikavaa kandambili za Mama Salma zilizokatwa nyuma. Nililala kwa kuegemea. Chumvi nilikatazwa, na mihogo bila chumvi ni adhabu, msidanganywe. Mke wangu alishuka bondeni kufuata maji, akarudi, akanigeuza, akanikuna mgongo kwa kitambaa, na hakuniuliza hata siku moja kwa nini sikusema. Wema huo ulinichoma kuliko maneno ya kijiji.

Kisha vidonge vikafika nchini. Kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili. Daktari alisema kuna nafasi kwa wachache kwanza, na mimi nina hali mbaya zaidi. Nikamwomba aanze na Zuhura. Akanieleza kwa upole kwamba haendi kwa zamu ya lawama, anakwenda kwa ini. Tukaanza ndani ya mwezi mmoja, mimi wiki tatu mbele. Kichwa kiliniuma siku za mwanzo, basi. Nilingoja mateso hayakuja. Mwezi wa pili viganja vikaacha kuwasha. Mwezi wa tatu nilisikia harufu ya vitumbua vinakaangwa nikaomba viwili. Tumbo halikujaa tena. Makovu ya ini yamebaki na nitazeeka nayo, lakini kirusi hakikuonekana kwenye kipimo changu, wala kwenye cha Zuhura miezi iliyofuata.

Niseme sasa kwa wewe uliyeambiwa damu yako haifai. Rudi hiyo Alhamisi. Uliza ni ugonjwa gani kwa jina lake, usiondoke na neno nusu. Ukishajua, mtafute uliyewahi kumpa damu, hata kama ulimwokoa, hata kama kila mtu anakusifu kwa hilo. Usingoje mtoto aote meno.

Siku tuliyopewa majibu ya Zuhura tulikaa nje ya kliniki tukisubiri Hamisi atufuate. Mimi nilikuwa naongea sana, kwa furaha. Nilimwambia yamekwisha, mama, tumeshinda wote wawili. Aliniacha nimalize.

"Nilimwachisha Mwanahawa ziwa," alisema. "Siku ile ile niliyokataliwa damu hospitali. Nilidhani nitamuua. Nikampeleka chumba cha mama, nikafunga kanga kifuani ikaloa maziwa, naye analia upande wa pili wa ukuta. Siku tisa, Mjomba. Halafu akanyamaza, akaacha kunitaka."

Nikakumbuka tuliambiwa zamani, tena na Mama Neema mwenyewe, kwamba ugonjwa huu haumkatazi mama kunyonyesha. Zuhura alikuwa amekaa pale pale, akasikia, akanyamaza. Mwanahawa alikuwa na miezi kumi alipoachishwa, nami siku hiyo nilikuwa nachinja kuku. Nikamwambia nisamehe, mwanangu.

"Nilishakusamehe siku nyingi," alisema. "Nakwambia ili ujue."